Kuku Kati Yangu na Mama Mkwe

Nimefukuzwa kazi na watu wa kila aina: mfanyabiashara wa viazi, mama wa chipsi, mwenye mashine ya kupasua mbao, na fundi baiskeli mmoja ambaye hata hakuwa ameniajiri. Kwake nilikuwa nimekaa tu benchini nikisubiri mvua ikatike. Wote walinifukuza kwa kosa lilelile. Mimi ni mwepesi wa kujifunza. Ukinionyesha kitu asubuhi, mchana nimekishika, na jioni naanza kukufundisha wewe uliyenionyesha. Ugonjwa huo niliurithi kwa baba yangu kule Mdandu, ambaye aliwahi kumsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri, akiwa amesimama kabisa.

Kazi ya kwanza niliyoijua nusu ilikuwa ya kushona lumbesa pale Makambako. Lumbesa ni gunia la viazi lililojaa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kichwa juu, na kichwa hicho hufungwa kwa kamba zinazosukwa kama wavu. Ni kazi ya mikono yenye akili. Ukivuta kamba kupita kiasi gunia linapasuka, ukilegeza viazi vinamwagika kwenye kona za mlima Kitonga na lori halirudi kuokota. Niliipenda. Nilikuwa na mkono mzuri, wapakiaji walikubali. Lakini haukupita muda nikamwambia tajiri, mbele ya madereva wake, kwamba aache kupanga viazi vikubwa juu na kuficha vidogo katikati, maana mteja wa Dar es Salaam si mjinga. Kumbe biashara yake yote ilisimama juu ya matumaini kwamba mteja wa Dar es Salaam ni mjinga.

Nikahamia kwa mama wa chipsi karibu na stendi. Makambako ina upepo, na kila anayewasha moto pale anaujua upepo huo kama anavyomjua jirani mkorofi. Yule mama alikuwa ameweka jiko lake mahali pa ajabu, nyuma ya ukuta, mbali na wateja. Nikamshauri alisogeze mbele, wateja waone viazi vikichemka kwenye mafuta waingiwe na tamaa. Alinikatalia, nikamshauri tena, akakubali ili ninyamaze. Upepo ukafika. Cheche ziliruka hadi kwenye turubai la muuza mitumba, na siku ile wateja waliona moto mwingi kuliko chipsi.

Baada ya hapo nikaenda msituni, kwenye mashine ya kupasua mbao, ile ambayo sisi wote tunaiita dingdong. Huko nilidumu. Nilijifunza kusoma gogo, kujua mti ulielemea upande gani ulipokuwa hai, kujua mbao ipi itapinda ikikauka. Mwenye mashine alianza kuniamini. Siku moja msumeno ulikuwa unalia vibaya, mimi nikajua kwa nini, naye akabisha kwamba sijui kitu. Nikasogea karibu ili nimwonyeshe. Nilimwonyesha kwa kidole. Msumeno ukachukua kipande cha kidole hicho, cha mkono wa kulia, kile cha kuelekezea watu.

Wapo waliosema Mungu ana utani. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani Makambako na mkono umefungwa, na mwaka huohuo tukamzika mama yangu, na mvua ya mawe ikashuka juu ya shamba letu la viazi ikaliacha limelala kabisa. Nilikuwa na huzuni, na mtu wa aina yangu akiwa na huzuni hanyamazi, anaongea zaidi. Mwajiri nilikuwa sina. Aliyebaki wa kufundishwa alikuwa mke wangu.

Nilimfundisha kufua. Nilimfundisha kupanga vyombo. Watoto wetu walikuwa shule za bweni, kwa hiyo masomo yote yalimwangukia yeye. Zamani angenicheka, maana alikuwa mwanamke wa kucheka, lakini mwaka ule alikuwa ameacha, nami sikuona. Jioni moja, akiwa anasonga ugali ambao nimeula tangu tulipooana nikanenepa nao, nikamwambia anaushika mwiko vibaya. Akauweka mwiko chini taratibu, akaepua sufuria, akakaa.

"Baba watoto," akasema, "mimi nakwenda Kifanya kwa mama. Sijakuacha. Siku utakayojifunza kitu kimoja hadi mwalimu wako mwenyewe, kwa mdomo wake, akakwambia umejua, inatosha, siku hiyo nitarudi. Sitaki kuambiwa na wewe kwamba umejua. Nataka aseme mwalimu."

Nilifikiri ni hasira za jioni. Asubuhi alipanda gari la Njombe. Nyumba ilibaki na mimi na ule mwiko, na niligundua kwamba hata mimi sikujua kuushika. Nilivumilia wiki kadhaa kwa kula mikate na kujisemea mwenyewe, kisha nikafunga begi nikamfuata. Nilimpenda yule mwanamke, na niliogopa kwamba huko kwao atazoea utulivu.

Hapa lazima nimweleze mama mkwe wangu, na siwezi kumweleza bila kumtaja kuku.

Mama mkwe alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi, kimoja cha vile vilivyoanza mapema, kabla kila mwenye kiwanja hajawa mkulima wa parachichi. Watu walitoka mbali kuja kununua miche yake, maana ilikuwa haifi. Alikuwa mfupi, mkali, Mlutheri wa kiti cha mbele, na hakuwahi kunipenda wala kunichukia. Alikuwa ananisubiri tu nikomae.

Kuku nilimuuzia mimi. Kanisani kwao, sikukuu ya mavuno, watu hutoa sadaka ya vile walivyovuna, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje. Mwaka mmoja kabla ya matatizo yetu, mimi na mke wangu tulikuwa wageni pale, na mnadi wao alikuwa amepoteza sauti. Wakaniomba. Hiyo ndiyo kazi pekee duniani ambayo sijafukuzwa. Nilinadi maboga, nikanadi mahindi, hadi akaletwa kuku mmoja wa shingo tupu, mwenye kamba mguuni, mwenye sura ya mtu aliyekosa usingizi. Nikasema huyu kuku ametoka ukoo wa kuku wa heshima. Nikasema anataga asubuhi na jioni, na siku ya ubatizo anataga mayai ya rangi mbili. Watu walivunjika mbavu. Jirani mmoja akanyoosha mkono kwa niaba ya mama mkwe, kuku akaenda. Hakuwahi kutaga hata yai moja.

Sasa, kwa watu wa nyumba ile, mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni. Hamshikani mikono, hamli mkionana, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Mnaweza kusalimiana, lakini kila mmoja akiwa amegeukia upande wake, "Kamwene", "Kamwene", basi. Mkiwa na neno la kuambiana, mnampitishia mtu wa tatu. Siku hizi nawaona vijana harusini wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, na sina ugomvi nao. Mama mkwe wangu aliishika aibu ile kama alivyokishika kitabu chake cha nyimbo.

Nilipofika Kifanya na begi langu, mke wangu hakuwepo. Alikuwa Njombe sokoni, akiuza mboga, na angerudi jioni. Mama mkwe alikuwa kwenye kitalu, nyuma ya ukingo wa majani makavu uliogawa kitalu sehemu mbili. Tulisalimiana kila mmoja akiutazama upande wake. Baada ya hapo tukakwama, maana mtu wa tatu hakuwepo. Ndipo yule kuku akapita kati yetu, akiparura udongo, na mama mkwe akamwajiri papo hapo.

"Kuku," akasema, "mwambie huyo aliyekuja na begi, hapa si nyumba ya wageni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya tatu."

"Kuku," nami nikasema, "mwambie mama nimefika sasa hivi."

"Kuku, mwambie nimemhesabia na alizokaa zamani."

Nikashika jembe. Jioni mke wangu aliporudi, akanikuta nimejaa samadi hadi kwenye kope. Hakunikumbatia, hakunifukuza. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimekuja kujifunza kitu kimoja hadi mwisho, na mwalimu ni mama yake.

Akauliza, "Unajua hawezi kuzungumza na wewe?"

"Tuna kuku," nikasema.

Kazi ya mwanzo ilikuwa kujaza viriba, ile mifuko midogo myeusi ya kuoteshea miche. Unachanganya udongo wa msituni, mchanga na samadi, unajaza, unashindilia kidogo kwa vidole, unapanga. Nilivijaza siku nyingi. Kidole changu kifupi kilikuwa kinauma kwenye baridi ya Kifanya, baridi ambayo haina adabu, inakuingilia hadi kwenye meno. Na kama kawaida, mara nilipojua kujaza viriba, nikaona samadi imezidi. Mahali pengine popote ningesema na ningefafanua. Hapa ilibidi nimtafute kuku, nimsubiri amalize kumeza funza wake, nisafishe koo.

"Kuku, mwambie mama naona samadi imezidi kidogo."

Upande wa pili mikono iliendelea na kazi. Halafu: "Kuku, wewe umeionja?"

Kuku akaendelea kuparura. Na mimi, jamani, ilinishinda namna ya kubishana. Kubishana kunahitaji uso wa mtu. Unamwangalia macho, unaona pale anaposita, unaingilia hapo. Kuku hasiti. Nilijaribu mara nyingine kadhaa, kuhusu maji, kuhusu kivuli, na kila mara hadi nimpate kuku na kupanga maneno ya heshima yanayofaa kupitishwa kwa mama mkwe, hoja yenyewe ilikuwa imepoa, na mara nyingine nilishaona mwenyewe kwamba ilikuwa ya kijinga. Kidogo kidogo nikaacha.

Baada ya kuacha kuongea, nilibaki na macho tu. Uso wake sikuruhusiwa kuutazama, lakini ukingo ule wa majani ulikuwa na uwazi chini, na kwenye uwazi ule ilionekana mikono yake. Hapo ndipo nilipoanza kumwona akibebesha. Kubebesha ndiko kuunganisha parachichi la kienyeji, ambalo lina mizizi migumu, na kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa kwenye mti wa parachichi bora. Aliukata mche wa kienyeji kichwa, akaupasua katikati kwa kisu kidogo. Akakichonga kikonyo kiwe kabari, mara mbili tu, upande huu na upande huu, bila kurudia. Akaingiza kabari kwenye mpasuko, si katikati, bali pembeni, hadi ganda likutane na ganda. Akazungushia nailoni, akavisha kimfuko cha plastiki juu. Nilitazama hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote bila kufungua mdomo, na sikuwa nimewahi kumtazama mwajiri wangu yeyote mikono. Wote nilikuwa nawatazama midomo, nikisubiri wamalize ili nianze.

Siku moja akasukuma chini ya ukingo kisu, vikonyo na miche. "Kuku, mwambie ajaribu."

Nikajaribu kwa furaha ya mtu aliyeoa upya. Nilichonga vizuri, maana mbao zilinifundisha kuujua mti. Lakini kwenye kufunga nailoni nikakumbuka lumbesa, nikafunga kwa ule mkono wangu uliosifiwa Makambako, nikavuta hadi nailoni ikalia. Nilijiona fundi. Wiki zilipopita, vikonyo vyote vikawa vyeusi, kimoja baada ya kingine. Mama mkwe akaung'oa mmoja, akaupitisha chini ya ukingo, akauweka mbele ya kuku.

"Kuku, tazama vizuri. Huyu hakufa. Amenyongwa."

Nilipata aibu iliyonishika masikio. Nilitamani kueleza kwamba ile ni staili ya lumbesa, kwamba mahali pengine inasifiwa. Kuku alinitazama kwa jicho moja, kama kawaida yao. Nikanyamaza, nikachukua miche mingine.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo sikumwambia mtu. Kisu kilikuwa kinanicheza, kwa sababu kidole ambacho kingekikalia mgongoni hakikufika. Nilikuwa najikata, nafunga kitambaa, naendelea. Nisingelilia kwa sababu ya kidole kwenye nyumba ile. Asubuhi moja nikakuta mpini wa kisu changu umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mnene upande mmoja tu, pale hasa kidole changu kinapoishia. Nikakishika. Kilitulia mkononi kama kimezaliwa nami.

"Kuku," nikasema, "muulize mama nani amefanya hivi."

Upande wa pili nilisikia kisu kikichonga tu. Nikafanya kazi siku nzima bila kujikata.

Hazikupita siku nyingi, nikiwa nachonga, nikasikia sauti ya chini nyuma ya ukingo: "Kuku, huyu mtu anaanza kuelewa." Sikungoja jioni ifike vizuri. Nilimfuata mke wangu barabarani aliposhuka kwenye gari la Njombe na matenga yake, nikamwambia afunge virago, mama amesema.

"Amesema nini?"

"Kwamba naelewa."

"Amemwambia nani?"

Nikasita. "Kuku."

"Basi aliyeambiwa ni kuku," akasema, akanipa tenga moja nibebe. "Mimi nataka akwambie wewe."

"Lakini si hawezi? Si mila yenu?"

"Kuna njia ya kuondoa aibu hiyo. Lakini mwenye njia ni mama, si mimi na wewe. Akitaka ataifungua." Akatangulia. Niliumia, maana niliona kwamba mke wangu amenitega mahali pasipo na mdomo wa kujiokolea, na mdomo ndio chombo pekee nilichokuwa nacho tangu utotoni.

Ikaja Julai, na Julai ya kwetu inaleta sakitu, ule umande unaoganda ukaifanya ardhi nyeupe. Miche yangu ya awamu ya pili ilikuwa imeanza kuamka, kila kikonyo kikitoa kichipukizi kidogo kama mdomo wa kifaranga. Nilikuwa naipitia kila asubuhi. Mke wangu hakusema, lakini wote watatu tulijua kwamba miche ile ndiyo mtihani wangu. Ikishika, mama mkwe atakuwa na la kusema. Ikifa, sijui ningemwangaliaje mke wangu, na sijui yeye angeningoja mara ya ngapi.

Alfajiri moja nikatoka nje nikakuta upepo umeyafunua majani tuliyofunika, na safu zangu zote zimeganda. Kila kichipukizi kilikuwa na unga mweupe. Mama mkwe alikuwa ameshafika. Alikuwa amenipa mgongo, ameshika keni ya kumwagilia, na alikuwa ananyunyizia maji. Maji baridi, juu ya barafu, juu ya miche yangu.

Mtu akiwa na baridi unamwagia maji? Nikafungua mdomo kabisa. Nikageuka kumtafuta kuku, na kuku hakuwepo. Alikuwa bado bandani, amelala, maana hata yeye aliona asubuhi ile haifai. Nilisimama pale mdomo wazi, maneno yamejaa, na hapakuwa na pa kuyapeleka. Kumwambia moja kwa moja ilikuwa sawa na kuvua nguo kanisani. Nikaufunga mdomo. Nikaitazama mikono yake. Haikuwa na haraka, haikuwa na hofu, ilinyunyiza kidogo kidogo kuanzia safu iliyoelekea mashariki, ile ambayo jua lingeifikia kwanza.

Nikachukua keni ya pili. Nilianzia upande wa pili, nami nimempa mgongo, na tukafanya kazi tukirudi kinyumenyume kila mmoja, hadi migongo yetu ikakaribia kugongana katikati ya kitalu na wote wawili tukaruka pembeni kama watoto walioshikwa na kosa. Nilidhani nimemsikia akicheka. Huenda ni keni ilikwaruza.

Jua likatoka. Kufikia mchana, majani ya maboga ya jirani yalikuwa meusi kama yaliyopikwa. Miche yetu ilisimama. Kuku alipoamka na kuja kazini, nikamwomba amuulize mama sababu, na safari hii nilikuwa nauliza ili nijue.

"Kuku, mwambie, jua likilikuta jani limeganda linaliunguza. Maji yanaliyeyusha kwanza, polepole. Mwambie pia, mwaka wa kwanza sikujua, nikaunguza kitalu kizima, nikalia."

Nilikaa na jibu lile siku nzima. Katika kazi zangu zote hakuna mwajiri aliyewahi kuniambia kwamba alilia. Labda walikuwa wakitaka kusema, nami nikawa nimeshaanza kuzungumza.

Miche ikashika. Si yote, na simdanganyi mtu, lakini safu kwa safu ilivaa majani mapya yenye rangi ya shaba, na tukavua vile vimfuko vya plastiki. Mama mkwe alipita safu hadi safu akikata machipukizi yaliyoota chini ya kiungo, yale ya kienyeji yanayoiba chakula. Nilimsubiri aseme neno. Hakusema lolote, hata kwa kuku. Siku zikapita. Kuku mwenyewe alianza kunionea huruma, au niliona hivyo.

Jumapili moja tukarudi kutoka kanisani, nikakaribishwa sebuleni peke yangu, nikakaa kwenye kiti kizuri. Mke wangu akaleta maji ya kunawa, akaleta ugali, akaleta bakuli la mchuzi wa kuku. Juu kabisa, peke yake, ilikaa firigisi, kipande cha mgeni wa heshima. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa mfanyakazi pale, na mfanyakazi hula maharage. Lakini njaa haiulizi maswali. Nyama ilikuwa ngumu ajabu. Nilipambana nayo kama mtu anayetafuna mkanda wa suruali, na kwa heshima nikamaliza hadi mifupa.

Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya mlango ulio na pazia. Nikaona ni adabu kushukuru. Nikaugeukia mlango wa nje, mahali ambapo kuku alizoea kusimama saa za chakula.

"Kuku, mwambie mama..."

Mlangoni hapakuwa na kitu. Nikachungulia uani. Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika. Nikalitazama bakuli, nikaitazama mifupa. Nilikuwa nimemla mkalimani wangu, na firigisi yake nikaimalizia mwishoni kwa kuwa ndiyo niliyoipenda zaidi.

Ndipo pazia likatikisika kidogo, na sauti ikaja moja kwa moja, bila kupita kwa yeyote.

"Mkwe wangu."

Hapo nikaelewa: kunichinjia kuku ndiyo ilikuwa njia ya kuondoa aibu, naye ameifungua.

"Umejua," akasema. "Inatosha." Nikasikia akiweka sufuria chini. "Na usifikiri ulinidanganya kwenye mnada. Nimefuga kuku tangu nikiwa msichana, nilijua yule hatagi. Nilimnunua kwa sababu siku ile, ulipokuwa unasema uongo wako, niliangalia upande wa wanawake nikamwona binti yangu anacheka hadi amejishika mbavu. Nikasema, ngoja nimchukue huyu kuku, nikae na kumbukumbu. Binti alipokuja hapa peke yake, hacheki, nilikuwa namtazama yule kuku kila siku. Sasa mchukue mkeo mwende. Akacheke huko."

Nilitafuta neno. Nilitafuta kwenye kifua, kooni, kwenye kidole kifupi, kila mahali ambapo maneno yangu huwa yanakaa yakisubiri zamu. Machozi yalikuwa yanashuka na mchuzi ulikuwa bado kwenye vidole. Mke wangu alisubiri, akaona haliji. Akainua begi lake, ambalo kumbe lilikuwa limeshafungwa nyuma ya kiti, akageukia pazia.

"Mama," akasema, "amesikia."